Tyubu za dawa ya ngozi kwenye matranka ya wanafunzi: nizikusanye au niziache?

Matroni wa Bweni

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni matroni wa bweni la wasichana, sekondari, mkoa wa Morogoro, ule upande wa joto. Mliowahi kulala Kilombero mwezi wa pili mnanielewa. Naomba ushauri kwa wanaojua dawa, na tafadhali mizaha tuiweke pembeni maana hawa ni watoto wa watu.

Jumamosi tulifanya ukaguzi wa matranka. Huwa natafuta simu, heater za kuchemshia maji na vyakula vinavyoleta panya. Safari hii kilichojaa kwenye beseni langu ni tyubu za dawa ya ngozi. Nyingi hazina boksi wala karatasi ya maelezo, zimekunjwa kuanzia mkiani kama dawa ya meno inayokaribia kuisha, na baadhi hazina kifuniko, zimezibwa na kipande cha nailoni. Nikiuliza hii ya nani, najibiwa "ya wote, matroni." Wenyewe wanaiita dawa ya kila kitu. Kipele, inapakwa. Chunusi, inapakwa. Kiatu kimechubua, inapakwa. Binti mmoja wa kidato cha pili aliniambia anapaka usoni kila usiku baada ya prepo "ili niwe soft", na nikimtazama kweli uso umekuwa mweupe kuliko masikio yake, lakini pembeni ya mdomo kuna vipele vidogo vingi na mashavuni mishipa inaonekana.

Mwingine ana kitu kiunoni, pale mpira wa sketi unapokaza. Mwanzo kilikuwa duara, nililiona mwenyewe, mashilingi (fangasi ya ngozi) ya kawaida kabisa. Akapaka, likapotea, akaacha. Likarudi. Akapaka tena. Sasa hivi si duara tena, limetambaa mpaka tumboni, halina magamba, lina vipele vyenye usaha humo katikati, na yeye anasema likipakwa linatulia siku mbili tatu. Wa tatu ana michirizi mapajani kwa ndani, ile kama ya mama aliyezaa, na hajazaa.

Nieleze na mazingira, maana najua mtaniuliza. Maji ni ya zamu, wanaoga kwa ndoo. Chupi hawazianiki kwenye kamba ya nje kwa sababu zinaibwa, na wengine wanaona haya, hivyo wanazianika chini ya vitanda zisikoona jua, asubuhi wanazivaa zina unyevu. Taulo moja watoto wawili. Mashine ya kunyolea nywele ni moja kwa bweni zima.

Mwalimu wa nidhamu anataka tyubu zote zichomwe mstarini Jumatatu na wenye tyubu waitiwe wazazi. Mimi roho haitaki, lakini sina hoja ya kitabibu ya kumpinga. Maswali yangu: Kwanza, hii dawa ya kila kitu ni kitu gani hasa? Pili, nikiwanyang'anya leo, kuna madhara? Tatu, kwenye kabati la chumba cha wagonjwa niweke dawa gani ya kupaka ambayo naweza kumpa mtoto bila kumharibu? Na apake kiasi gani, kwa muda gani? Zahanati ipo ila ni mwendo, na foleni yake mnaijua.

Kijana wa Msamvu

Mama matroni shikamoo. Hizo tyubu ni biashara za watu tu. Mashilingi dawa yake ni kitunguu saumu, unatwanga unabandika usiku kucha, asubuhi unapaka ndimu. Ikichoma ujue inafanya kazi. Sisi bwenini tulipona hivyo.

Muuza Dawa, Kihonda

Kijana, hiyo ya saumu iache. Nimeshaletewa mtu na lengelenge la kuungua ukubwa wa kiganja, alibandika akalala nayo.

Matroni, mimi niko upande wa pili wa kaunta, nikwambie ukweli unavyokuwa. Mteja haji na cheti cha daktari. Anakuja na tyubu tupu, au na picha kwenye simu, anasema nipe kama hii. Ukimwambia ngoja nikuone kwanza, anakwenda duka linalofuata. Na mtoto wa shule anakuja na hela ya mchango, watano wamechangia tyubu moja. Ukimpa dawa ya fangasi tupu, wiki ya kwanza haoni muujiza, anarudi kukutukana kwamba umemuuzia feki. Ile ya mchanganyiko inatuliza muwasho siku hiyo hiyo, basi ndiyo yenye jina mtaani.

Halafu kuna wateja wa mkorogo. Hydroquinone na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi, kwa hiyo kuna wanaokuja kuchukua tyubu za dawa kadhaa kwa mkupuo wakachanganye kwenye losheni. Ukimuuliza anaumwa nini, anasema ni za familia. Wanafunzi wanajifunza kwa dada zao. Sijitetei, nakueleza zinatoka wapi.

Tabibu wa Ngozi

Matroni, hongera kwa macho yako, umeeleza wagonjwa watatu vizuri kuliko karatasi nyingi za rufaa ninazopokea. Mimi ni ofisa tabibu, ngozi nilisomea Moshi, pale KCMC kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi. Nitajibu kwa mpangilio wangu, si wako. Majina ya dawa nitayaandika kama yalivyo kwenye tyubu ili uweze kuyasoma.

Chukua tyubu moja, weka miwani, usisome jina kubwa la biashara, soma maandishi madogo chini yake. Naamini utakuta majina matatu. La kwanza clobetasol propionate 0.05% au betamethasone. La pili gentamicin au neomycin. La tatu miconazole au clotrimazole. La tatu ndilo linaloua fangasi. La pili ni antibiotiki, linapiga bakteria. La kwanza ni steroidi, na hilo haliui chochote. Kazi yake ni kunyamazisha: linazima muwasho, uvimbe na wekundu, yaani linazima askari wa mwili wanaopigana na fangasi. Ndiyo maana binti wa kiunoni anaona inatulia. Muwasho umenyamazishwa, fangasi inaendelea kutambaa chini kwa chini bila kupingwa. Mpaka duara linapotea, magamba yanapotea, inabaki sura isiyoeleweka ambayo hata daktari asiye mzoefu anaweza kuiita ukurutu na kumwandikia steroidi nyingine. Hali hiyo ilipewa jina la kitabibu mwaka 1968, tinea incognito, fangasi iliyojificha. Utauliza, si kuna miconazole humo humo? Ipo, lakini mtu anapaka siku tatu, muwasho ukiisha anaacha, na fangasi inahitaji wiki kadhaa. Anayevumilia wiki hizo zote naye anakuwa amepaka steroidi kali kwa muda usiofaa. Ukienda kulia umekosea, ukienda kushoto umekosea. Kwa mashilingi ya kawaida mimi siandiki mchanganyiko huo.

Clobetasol ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Maelekezo yake: mtu mzima asizidishe wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na walio chini ya miaka 12 haishauriwi kabisa. Ina matumizi yake halali, sisemi ni sumu. Kuna magonjwa naiandika kwa moyo mweupe, mfano ukurutu mgumu wa miguuni wenye ngozi nene. Lakini usoni, makwapani, kinenani na mapajani kwa ndani ngozi ni laini, inafyonza sana. Michirizi ya binti yako wa tatu ni hiyo. Ngozi imepasuka chini kwa kukondeshwa, na niseme wazi, itafifia lakini haitafutika. Karibu na macho inaweza kupandisha presha ya jicho. Mwingine akiipaka kwenye malengelenge ya mdomoni au mkanda wa jeshi, ambao ni ugonjwa wa virusi, anaufungulia njia.

Na hiyo gentamicin katikati. Ni dawa ile ile tunayowadunga watoto wachanga wenye maambukizi ya damu. Kila mahali inapopakwa ovyo, bakteria wanafanya mazoezi nayo. Kuipaka juu ya mashilingi, ambayo bakteria hayumo, ni hasara tupu.

Sasa lile la kuchoma mstarini. Mwalimu wa nidhamu asichome kitu Jumatatu. Binti wa usoni amepaka kwa muda gani? Kama ni miezi, ukimkatisha leo, baada ya siku chache uso unawaka: unavimba, unawasha, vipele vinafumuka kuliko mwanzo. Atafanya nini? Atatafuta tyubu nyingine kwa gharama yoyote, na safari hii ataificha mahali usipokagua. Huyo anahitaji kuonwa, ashushwe taratibu, pengine kwa steroidi hafifu kama hydrocortisone 1% kwa muda mfupi uliopangwa, aambiwe mapema kwamba ataharibika uso kabla haujatengemaa, na kwamba inaweza kuchukua wiki hadi miezi. Na aliyekuwa akipaka mwili mzima kila siku kwa muda mrefu, huyo zaidi, maana mwili wake unaweza kuwa umepunguza kutengeneza steroidi yake wenyewe. Akiachishwa ghafla anaweza kulegea, kutapika, kushuka presha. Ukimwona yeyote hivyo, ni hospitali siku hiyo hiyo, na mseme wazi alikuwa anapaka nini.

Wa kiunoni ni tofauti. Yeye aache mchanganyiko na aanze dawa ya fangasi tupu, lakini kwa ukubwa unaoueleza na huo usaha, asianzie kabatini kwako. Apelekwe. Wakwangue ngozi kidogo pembeni ya alama, waitazame kwenye hadubini, ni kipimo rahisi. Siku hiyo asipake kitu. Fangasi iliyolishwa steroidi mara nyingi inahitaji vidonge. Na hapo ombi: asinunuliwe vidonge vya ketoconazole kwa kuambiwa na jirani. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza visimamishwe kwa ajili ya fangasi kwa sababu ya madhara ya ini, na Marekani nao mwaka huo huo wakaviondoa kwenye fangasi wa ngozi na kucha. Krimu na shampuu yake hazina tatizo hilo.

Kijana wa Msamvu, ndimu ngozini halafu jua la Morogoro, hiyo inachoma. Inaacha mabaka meusi yanayodumu kwa miezi. Mlipona kwa sababu bwenini mlikuwa na umri wa kupona kila kitu.

Matroni wa Bweni

Tabibu, Mungu akubariki. Nimevaa miwani. Clobetasol, gentamicin, miconazole, kama ulivyosema, karibu zote. Moja ni ya macho, sijui ilifikaje huko. Moja muda wake wa matumizi ulipita kabla binti mwenyewe hajaanza kidato cha kwanza, atakuwa aliirithi.

Nimemsomea mwalimu wa nidhamu aya ile ya kuchoma. Akanyamaza, kisha akasema basi tuchome nusu. Nimemwachia mkuu wa shule ammalize.

Nilichofanya jana: nimemwita mmoja mmoja, bila wenzake, nikamuuliza anapaka wapi na tangu lini. Sikuuliza kwa nini. Wakijua huwagombezi wanafunguka. Nilidhani tatizo ni mashilingi, kumbe wanaopaka usoni ni wengi kuliko wenye ugonjwa. Binti wa usoni alilia, akasema akiacha wenzake watamcheka akirudi kuwa mweusi. Nikamwambia atakwenda zahanati na mimi, na kwamba hakuna atakayejua tunakwenda kwa ajili gani, tutasema ni meno.

Sasa naomba unijibu la tatu, la kabati. Na kiasi. Watoto wangu wanapaka kwa kushindana, mmoja anaweka nukta, mwingine anasiliba kama samli kwenye chapati.

Tabibu wa Ngozi

Kabati lako liwe na vitu vichache, vyote vya kitu kimoja kimoja, hakuna mchanganyiko.

Clotrimazole 1% tupu, kwa mashilingi madogo na fangasi za mapajani na vidoleni. Kipimo cha kupaka ni hiki: minya dawa juu ya kidole cha shahada kuanzia ncha mpaka mstari wa kwanza wa kiungo. Hiyo ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Apake mara mbili kwa siku, ngozi ikiwa safi na kavu kabisa, avuke ukingo wa alama kwa upana wa kidole gumba, maana fangasi imeshafika pale ambapo jicho halijaona. Anawe mikono kabla na baada. Na hapa ndipo wengi wanapokwama: alama ikipotea, aendelee wiki mbili zaidi. Kwa jumla tarajia wiki tatu hadi nne.

Piga hesabu ujionee kwa nini tyubu ya wote haimponyi yeyote. Tyubu ya gramu 20 ni vidole 40. Mtoto mwenye alama ya ukubwa wa viganja viwili anatumia vidole viwili kwa siku, inamfikisha siku 20, yaani karibu inamtosha yeye peke yake. Wakiwa watano, ni siku nne. Siku nne za clotrimazole ni kuichokoza fangasi tu.

Whitfield pia ni nzuri na ni rahisi, zahanati nyingi wanayo: benzoic acid 6% na salicylic acid 3%. Ni ya kizamani, inanuka, inachubua ngozi ya juu pamoja na fangasi yake. Nyayo, mikono, mgongo, sawa. Usimpake mtu mapajani kwa ndani wala usoni.

Kwa vidonda vidogo vyenye magamba ya rangi ya asali, vile vya kuambukizana vinavyoanzia puani na mdomoni, dawa yake ni mupirocin 2%, mara tatu kwa siku, siku tano hadi kumi, kisha basi, usiiache iendelee kwa mazoea. Hiyo iandikwe na mtu aliyemwona mtoto. Vikiwa vingi au mtoto ana homa, krimu haitoshi. Jipu nalo usilipake krimu yoyote. Kitambaa cha maji ya moto, na likiiva zahanati wakalipasue, si wewe na pini.

Upele wa kuwasha usiku, katikati ya vidole, viganjani, kiunoni, makwapani, ni wadudu. Hao hawafi kwa clotrimazole, na steroidi inawaficha wakizaliana. Ni permethrin 5% au ile ya maziwa maziwa ya benzyl benzoate, na wanapaka bweni zima usiku mmoja, shingoni mpaka kwenye nyayo, hata asiyewashwa. Kwa permethrin wanarudia baada ya wiki. Ukitibu wawili ukaacha wanane umefanya kazi ya kumwaga maji mtoni.

Kuhusu mashine ya kunyolea: mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu. Fangasi imeingia ndani ya unywele, krimu haifiki huko. Ni vidonge, mara nyingi griseofulvin, wiki sita hadi nane au zaidi, na ili vifyonzwe vizuri mwilini mtoto avimeze pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Mashine isafishwe kwa spiriti kila kichwa. Mwenye mapunye anyolewe wa mwisho, lakini usimtangaze.

Na chupi, matroni. Dawa yote niliyoandika hapo juu inashindwa na chupi iliyokauka chini ya kitanda. Tafuteni kamba ya ndani ya uzio, mahali jua linafika na mlango unafungwa. Wapige pasi kwenye mishono.

Mzazi Dodoma

Samahani nadandia uzi wa matroni. Nina tyubu kama hiyo niliandikiwa mimi mwenyewe na daktari kwa ajili ya mkono, ilinisaidia. Imebaki nusu. Mtoto wangu wa miezi minane ana vipele makalioni, nepi inambana. Nimpake kidogo tu?

Tabibu wa Ngozi

Hapana, mama, hata kidogo. Ile uliandikiwa wewe, kwa mkono wako. Nepi inafunika ngozi kama nailoni, dawa inafyonzwa maradufu, na mtoto wa miezi minane ana ngozi kubwa kwa mwili mdogo. Watoto wachanga wamevimba uso na kudumaa kwa steroidi za makalioni. Mbadilishe mara kwa mara, mwache wazi akauke, mpake zinc oxide au vaselini tupu. Vikiwa na vidoti vidogo pembeni na vimeingia kwenye mikunjo, huenda ni fangasi, nenda kliniki akaonwe. Hiyo nusu iliyobaki usiihifadhi kwa ajili ya ugonjwa ujao.

Muuza Dawa, Kihonda

Matroni, clotrimazole tupu ipo karibu kila duka la dawa muhimu na haina bei kubwa, mara nyingi iko chini ya ile ya mchanganyiko. Ukinunua, angalia pakiti isiwe na jina la pili. Wauzaji wengine ukisema clotrimazole wanakupa ile yenye betamethasone, na boksi zinafanana rangi. Neno lolote linaloishia na "-sone", au linaloanza na "clobeta", rudisha.

Na usiziweke tyubu juu ya kabati chini ya bati. Hapa dukani nimeona krimu zilizokaa kwenye joto zinatengana, mafuta juu, maji chini. Hizo hazifai tena hata kama tarehe haijafika.

Matroni wa Bweni

Nawajibu kwa pamoja. Mkuu wa shule amekubali. Hakuna kuchoma. Tyubu za mchanganyiko zote ziko kwenye bahasha ofisini kwangu, kila bahasha na jina la mtoto, na wale wa usoni nitawapeleka kwa mafungu kabla sijawaachisha. Ile ya mashine ya kunyolea nimeipitisha bila kikao: spiriti, pamba, na kiranja wa afya anasimama pale. Kamba ya chupi itakuwa nyuma ya jiko la zamani, kuna ukuta na geti, funguo ninazo mimi. Wamefurahia hiyo kamba kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kuwafanyia, sijui kwa nini sikuulizwa miaka yote.

Krimu za kabatini nimeandika juu ya kila tyubu kwa kalamu isiyofutika: jina la mtoto, tarehe ya kufungua, tarehe ya kumaliza. Wanakuja kupakia mbele yangu asubuhi na baada ya prepo. Wanalalamika nawafanya chekechea.

Swali la mwisho, tabibu. Binti wa kiunoni tunampeleka Alhamisi. Nimwandikie nini kwenye karatasi ya rufaa? Sitaki wamtazame dakika moja wamwandikie tena tyubu ile ile. Na usiku, nikiwa peke yangu, dalili gani ikitokea nisisubiri asubuhi?

Tabibu wa Ngozi

Andika hivi, kwa mwandiko mkubwa: "Alianza na duara lenye magamba kiunoni. Amepaka clobetasol, gentamicin na miconazole kwa vipindi, tangu mwezi fulani. Inatulia, inarudi ikiwa kubwa. Naomba akwanguliwe kwa ajili ya fangasi." Kisha chukua ile tyubu kwenye bahasha yake, muwekeeni mezani kwa daktari. Akimwandikia yenye majina matatu, muulize kwa adabu, "Daktari, ya steroidi hii ni kwa ajili gani na aache lini?" Daktari mzuri hachukii swali hilo.

Za usiku: homa pamoja na ngozi inayovimba na kuuma. Uvimbe unaotambaa, chora mpaka wake kwa kalamu, ukiona umevuka baada ya saa chache, ondokeni. Chochote kinachozunguka jicho. Mtoto aliyepaka dawa mpya akavimba midomo au akashindwa kupumua vizuri. Kwenye ngozi yetu nyeusi usitafute wekundu, hautauona kwa taa ya bweni. Gusa kwa mgongo wa mkono, linganisha na upande wa pili. Pakiwa pa moto na mtoto anaruka ukigusa, amsha dereva.